Lango la Saa Moja na Nusu: Kisa cha Kanuni za Darasa la Tatu

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali, kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa taaluma shuleni hapo, kwa hiyo baadhi ya makosa ninayoyachambua ni yangu.

Shule na darasa lenyewe

Darasa la tatu lilikuwa na wanafunzi 94 na madawati 28. Mwalimu wao wa darasa alikuwa na miaka sita kazini, mchapakazi, mtu wa kufika kabla ya mwalimu wa zamu. Watoto wengi walitoka kwa wavuvi, mama lishe, madereva wa bodaboda na wauza samaki wa rejareja. Wachache wazazi wao walikuwa waajiriwa wa halmashauri.

Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, pale shuleni kulikuwa na mvutano usiokwisha. Wazazi wengi walilichukua neno “bila malipo” kama lilivyo: serikali imebeba kila kitu. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo unaeleza majukumu ya mzazi, yakiwemo sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa. Lakini waraka husomwa ofisini. Mtaani haukufika, au ulifika kwa maneno ya mtu aliyesikia kwa mtu. Matokeo yake, kila Januari mwalimu alianza mwaka akibishana: huyu hana penseli, yule daftari moja analiandikia masomo manne, mama mwingine anaingia darasani katikati ya kipindi kuuliza nani kampiga mwanawe.

Mwalimu wa darasa alichoka na hali hiyo. Likizo ya Desemba alikaa na dada yake anayefundisha shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, akaona kijitabu wanachopewa wazazi wa kule kila mwaka, chenye kanuni za darasa, mambo yanayotarajiwa kwa mtoto, yanayotarajiwa kwa mzazi, na mahali pa saini. Akakipenda. Akakitafsiri.

Karatasi ya Januari

Kilichotoka kilikuwa kurasa mbili, vipengele 16, kichwa chake “Makubaliano ya Mzazi, Mwanafunzi na Mwalimu”. Nakala alitoa kwa fedha yake mwenyewe.

Mwalimu mkuu aliipitia kabla haijagawiwa na akafuta kipengele kimoja, kilichosema mtoto ambaye mchango wake wa uji haujalipwa hadi tarehe 5 hatapewa uji. Alifanya vema. Mtoto hazuiliwi huduma kwa sababu ya mchango, na walimu wote pale walikumbuka Januari 2018, Rais Magufuli alipokataza walimu kushika michango ya wazazi. Kufutwa kwa kipengele hicho kulitupa sote utulivu wa uongo. Tuliona karatasi imeshachujwa, kilichobaki ni salama.

Kipengele cha nne ndicho kilicholeta kisa hiki. Kilisema: “Mwanafunzi atakayefika baada ya saa 1:30 asubuhi atarudishwa nyumbani kumleta mzazi.”

Hapa nataka msomaji asiharakishe, kwa sababu kipengele hiki hakikuandikwa na mtu mkali. Desturi ya shule kwa wachelewaji ilikuwa fimbo langoni. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Langoni hakukuwa na idhini wala kitabu. Kulikuwa na mwalimu wa zamu na fimbo ya mpera. Mwalimu wa darasa la tatu hakuipenda fimbo ile, na aliamua kwamba watoto wake hawatachapwa kwa kuchelewa. Kurudishwa nyumbani kulikuwa ndiyo huruma yake. Kwenye kikao cha walimu, wenzake wawili walimcheka: “Achapwe viwili aingie darasani, mambo yaishe.” Yeye akashikilia msimamo, na mimi nikamuunga mkono.

Mkutano wa wazazi ulifanyika wiki ya tatu ya Januari, siku ya kazi, saa 3 asubuhi. Walifika watu 37. Karatasi ilisomwa mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akauliza kama kuna swali. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Tukaandika kwenye kumbukumbu: “Wazazi wameridhia.” Waliokosa mkutano walipelekewa karatasi na watoto wao, na ndani ya wiki moja saini 88 zilikuwa zimerudi. Nakumbuka mwalimu mkuu alimsifu mbele yetu.

Kilichotokea

Wiki mbili za kwanza za Februari wachelewaji walipungua sana. Kisha majina yakaanza kujirudia, na jina moja likajirudia kuliko mengine: msichana wa miaka tisa, mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyefika kati ya saa 1:40 na saa 1:50 karibu kila siku. Alirudishwa mara ya kwanza siku ya Jumanne. Jumatano akaja tena amechelewa, bila mzazi, akarudishwa. Alhamisi hakuonekana, na Ijumaa vilevile.

Rejesta ya mahudhurio ilionyesha hayupo kwa siku 11 za masomo mfululizo. Mwalimu wa darasa alituma ujumbe kwa mdomo kupitia mtoto wa jirani. Haukujibiwa. Namba ya simu iliyokuwa kwenye kumbukumbu ilikuwa ya mama yake mtoto, ambaye, kama tulivyokuja kujua, alikuwa amehamia mji mwingine kutafuta kazi na amebadilisha laini. Kwenye rejesta mtoto akaanza kuhesabiwa mtoro.

Aliyetufumbua macho ni dereva wa bodaboda. Mwalimu mmoja alipanda pikipiki yake asubuhi, yule dereva akamwambia: “Mwalimu, yule mwanafunzi wenu anayetuletea vitumbua, mbona siku hizi anashinda huku nyuma ya kibanda mpaka saa sita? Tunamuuliza, anasema shule wamemfukuza.”

Mchana ule mwalimu wa darasa na mimi tulikwenda nyumbani kwake. Tulimkuta bibi yake uani, analoweka mchele wa kesho. Baada ya shikamoo na marahaba, na maji ya kunywa ambayo hatukuweza kuyakataa, mwalimu alieleza kilichotuleta. Bibi aliweka beseni chini.

“Mwanangu, mimi najua mtoto yuko kwenu.”

“Bibi, na sisi tulijua yuko kwako.”

Sijapata kuona mwalimu yule akinyamaza kwa muda mrefu namna ile.

Mambo yalijulikana kipande kwa kipande. Bibi huamka saa 10 alfajiri kukaanga vitumbua. Saa 12:30 mtoto hubeba ndoo yenye mfuniko hadi kijiwe cha bodaboda, kisha kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kupeleka si kazi ndefu. Kinachomchelewesha ni kusubiri fedha na ndoo: huyu hana chenji, yule yuko safarini na abiria, mwingine anasema ngoja nimalize kula. Saa 1:15 bado yuko pale amesimama, na sare yake iko ndani ya mfuko. Fedha ile ndiyo ya mchele na mafuta ya siku inayofuata. Hawezi kuiacha.

Na kumleta mzazi? Mzazi ni bibi, na saa ile bibi yuko jikoni na vitumbua vya awamu ya pili. Mtoto aliliona hilo kabla yetu. Akaona pia kwamba akirudi nyumbani na kusema amefukuzwa, bibi ataumia. Akachagua kukaa nyuma ya kibanda mpaka wenzake watoke, ndipo arudi nyumbani akiwa ndani ya sare.

Karatasi ya makubaliano ilikuwepo. Bibi aliitoa kwenye mfuko wa plastiki alimohifadhi kadi ya kliniki ya mtoto na cheti cha kuzaliwa. Aliitunza kama kitu cha serikali. Hakuna aliyemsomea. Saini haikuwa yake, maana yeye hutia dole gumba.

Maamuzi, na sababu zake

Jioni ile mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mimi tulikaa ofisini. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa papo hapo: kuanzia kesho yake hakuna mtoto wa darasa la tatu atakayetolewa nje ya lango saa za masomo. Sababu haikuwa nidhamu wala taaluma. Kwa siku 11 mtoto wa miaka tisa alikuwa pembeni ya kijiwe na hakuna mtu mzima aliyemhesabu kuwa yuko mikononi mwake. Jambo baya halikutokea, na sisi hatukuwa na mkono katika usalama huo.

Uamuzi wa pili ulitugawa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa ajira kuwa miaka 14. Je, mtoto wa miaka tisa anayepeleka vitumbua vya bibi yake kila alfajiri ni ajira, au ni kazi za nyumbani kama kuchota maji? Mwalimu mkuu alitaka tumpelekee suala hili ofisa ustawi wa jamii wa kata. Mwalimu wa darasa aliogopa kwamba bibi akiitwa ofisini ataona tumemshitaki, na mlango utafungwa. Tulikubaliana kuzungumza naye kwanza, kwa wiki mbili, kisha tuamue. Mimi nilikubali, na bado naona ilikuwa njia ya busara, ila hatukuandika popote. Wiki mbili zikapita, hakuna aliyeulizwa, na suala likafa kimyakimya. Kama mambo yangeharibika, shule isingekuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba ililijua tatizo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuiandika karatasi upya. Mwalimu wa darasa alizipanga saini 88 juu ya meza, akaziangalia moja moja. Tisa zilikuwa za mkono mmoja. Tulimpata mwenye mkono huo: mvulana wa darasa la sita, aliyewasainia wadogo zake wa mtaani kwa malipo ya ubuyu. Mwalimu alicheka hadi machozi, kisha akasema sentensi ambayo nimeibeba hadi leo: “Huyu ndiye mtu pekee aliyefanya karatasi hii ifike kwangu.”

Vipengele 15 vilivyobaki vikapunguzwa hadi sita. Njia ya kupunguza ilikuwa swali moja kwa kila kipengele: anayeweza kulitimiza hili ni nani, na anayeadhibiwa lisipotimizwa ni nani? Pale majibu yalipokuwa watu wawili tofauti, kipengele kilitolewa au kikageuzwa. Mtoto hanunui madaftari. Mtoto hapangi saa ya kuamka kwa nyumba nzima. Kipengele cha kazi ya nyumbani, kilichosema asiyefanya atabaki darasani wakati wa mapumziko, kilikuwa kinawanyima uji watoto wale wale wasio na taa. Kikageuzwa: dakika 20 za mwisho wa siku zikawa za kufanya kazi hiyo hapo hapo darasani.

Wachelewaji wakaambiwa waingie kwa mlango wa nyuma bila kusalimia darasa, wakae dawati la mwisho mpaka kipindi kiishe. Na mkutano wa pili wa wazazi uliitishwa saa 10 jioni, chini ya mwembe wa jirani na ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo watu wamezoea kubishana. Karatasi haikugawiwa. Mambo sita yalisemwa kwa mdomo, moja moja, na kila moja likajadiliwa. Safari hii hakukuwa na kimya. Kwa kweli kulikuwa na makelele.

Matokeo

Msichana alirudi darasani siku ya pili baada ya ziara yetu. Wiki mbili zilizofuata alifika mapema kila siku. Tulifurahi. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mazungumzo na bibi yamezaa matunda.

Tulijidanganya. Mwaka ule Ramadhani iliangukia Machi. Vitumbua vya alfajiri vilisimama, biashara ikahamia alasiri kwa ajili ya futari, na mtoto akawa hana cha kupeleka asubuhi. Idi ilipopita, akarudi kufika saa 1:45 kama zamani, safari hii amelowa, maana masika yalikuwa yameshika.

Ufumbuzi wa kweli aliutoa bibi mwenyewe, mwezi Mei, katika ziara ya pili. Alisema: kama tatizo ni kusubiri, basi asisubiri. Akamwendea mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima anayemheshimu, wakapatana kwamba ndoo ikabidhiwe kwake, yeye akusanye fedha na kuzileta jioni pamoja na ndoo. Duka la vifaa vya ujenzi likaachwa. Bibi alipoteza wateja pale, na hakulificha hilo. Tangu hapo mtoto alifika kabla ya kengele siku nyingi. Bado alibeba ndoo. Masomo ya kuzidisha yaliyompita Februari hakuyashika vizuri hadi muhula wa pili, na hata hapo alisaidiwa na mwenzake wa dawatini kuliko sisi.

Si kila mzazi aliridhika. Baba mmoja, mtumishi wa umma, alisema mbele ya watu chini ya mwembe kwamba tunalea uvivu: yeye anamwamsha mwanawe saa 11:30, kwa nini asome huku wengine wanaingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma? Hoja yake haikuwa ya dharau. Katika darasa la watoto 94, wachelewaji kumi wakiingia kimya bado ni vichwa 84 vinavyogeuka. Tulimjibu kwa maneno mazuri, lakini utaratibu hatukuubadilisha, na Juni alimhamishia mwanawe shule binafsi.

Kundi la WhatsApp la wazazi, ambalo lilikuwa kipengele cha 12 cha karatasi ya kwanza, lilifikia watu 41 na kugeuka uwanja wa matangazo ya misiba na madela ya kuuza. Wazazi tuliowahitaji zaidi hawakuwemo, kwa kuwa simu zao ni za vitufe. Mwalimu alilifunga kundi, asiandike mwingine isipokuwa yeye, akawa anatuma ujumbe wa sauti mara moja kwa wiki. Hilo lilisaidia kidogo. Watoto walisema mama zao huusikiliza wakipika.

Katika kanuni zote, iliyofanya kazi vizuri kuliko zote haikutungwa na mtu mzima. Watoto waliulizwa nini kinawaudhi darasani, wakasema wizi wa penseli. Wakaamua wenyewe: penseli yoyote iliyookotwa iwekwe kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya meza ya mwalimu, asiye na penseli achukue humo, arudishe mchana. Hadi mwisho wa mwaka kopo halikuwahi kuwa tupu. Sijui penseli nyingine zilitoka wapi.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kuazima karatasi. Kijitabu cha shule binafsi kiliandikwa kwa mzazi anayelipa ada, anayesoma, mwenye gari au hela ya basi la shule, anayeweza kuitwa saa 2 asubuhi akaja akilalamika. Kule, kumrudisha mtoto ni kumsumbua mzazi. Huku kwetu ilikuwa kumtoa mtoto mikononi mwa mtu wa mwisho anayemhesabu. Maneno yale yale, lango lile lile, maana nyingine.

Mwalimu mkuu alipokagua karatasi alitafuta kinachoweza kutuingiza matatani, akakiona: fedha. Sisi sote tulikagua kwa jicho hilo. Hatukukagua kwa jicho la mtoto aliyesimama nje ya lango saa 1:45, aende wapi? Na kwa kuwa kurudishwa nyumbani kulikuwa badala ya fimbo, hakuna aliyekutilia shaka. Wenzetu wawili waliotucheka walikuwa na jambo la kweli ndani ya kejeli yao, nalo ni kwamba mtoto aliyechapwa angalau aliingia darasani. Sisemi hivyo kuitetea fimbo; msichana yule angechapwa siku 11 kwa kosa la mtu asiye na chenji. Ila naona jinsi tulivyoshughulika kuchagua kati ya adhabu mbili hadi tukasahau kuuliza kwa nini anachelewa. Swali hilo lingechukua dakika tatu. Dereva wa bodaboda aliliuliza kabla yetu.

Kuhusu saini, tulihesabu karatasi zilizorudi tukadhani tumehesabu wazazi walioelewa. Bibi aliyeihifadhi karatasi pamoja na cheti cha kuzaliwa alikuwa mzazi mwenye kuiheshimu shule kuliko wengi waliosaini kweli. Dakika mbili za kusomewa zingetosha. Badala yake tulimpelekea maandishi kupitia mtoto wa miaka tisa, kisha tukamfanya mtoto huyo huyo alipe kwa kutofuatwa kwa maandishi hayo.

Wiki mbili za Ramadhani zinaniudhi zaidi kwa sababu ni kosa langu mwenyewe. Mwalimu wa taaluma anayeishi mji wa pwani, anayenunua vitumbua, alitazama mahudhurio yakipanda akaandika sifa kwa kikao alichohudhuria yeye. Kama Idi ingechelewa hadi karibu na likizo, ripoti yangu ingebaki na uongo huo, na mwaka uliofuata tungefanya vilevile kwa mtoto mwingine.

Kilichofaa kilikuwa ziara, na hasa ziara ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya kutoa habari na kutuliza. Ya pili, baada ya kushindwa, ndiyo tuliyokwenda bila jibu mfukoni, na bibi akapata nafasi ya kutoa lake. Mkutano wa saa 10 jioni nao ulifaa, ingawa ulimchosha mwalimu, ambaye siku hiyo alirudi kwake usiku na madaftari 94 ya kusahihisha.

Karatasi mpya ya mambo sita ilibaki darasa la tatu. Tulipoileta kwenye kikao cha walimu ili itumike shule nzima, darasa la nne walikubali. Darasa la tano walikataa. Mwalimu wao alisema watoto wake ni wakubwa, wanajua saa. Lango lao linaendelea kufungwa saa moja na nusu.